Batamaji Huyu Hakufa

Kwenye nota za Camille Saint-Saëns hakuna maiti. Kuna jina, "Batamaji". Kuna agizo la mwendo kwa Kiitaliano, linalomtaka mpigaji aende kwa wastani na kwa madaha. Kuna selo moja na piano mbili. Neno kufa halimo, wala kuaga, wala kilio. Nayasema haya mapema kwa sababu hapa mjini umeanza kuenea uvumi kwamba kipande hicho ni wimbo wa kifo, na uvumi huo unaniharibia kazi.

Kazi yangu ni selo. Nilijifunza kwenye klabu ya taarab hapa Unguja, nyuma ya safu ya fidla, enzi ambazo mpiga selo alihesabiwa kuwa mtu wa kujaza sauti za chini na kubeba viti. Siku hizi, taarab ikiwa haina shughuli, tunakwenda watatu na fidla, selo na piano ya umeme, kupiga muziki laini kwenye hoteli na kumbi za harusi. Watu wanakula, sisi tunapiga. Batamaji ni kipande ambacho hata asiyejua jina lake anakijua kwa sikio. Amekisikia kwenye filamu, kwenye tangazo, kwenye simu ya mtu. Ni cha dakika tatu hivi na hakimsumbui mtu mwenye pilau mdomoni.

Basi katika harusi moja nimo katikati ya kukipiga, akaja bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, akaniinamia sikioni.

"Baba, samahani. Nyimbo hiyo ya maiti."

Nikamwamkia. Nikamwambia, "Bibi, huyo ni ndege tu, anaogelea."

"Mjukuu wangu kanionesha kwenye simu. Kuna mwanamke wa kizungu anaicheza mpaka anakufa. Ndege gani huyo wa kulilia kifo kama si bundi? Utatuletea bundi harusini, baba?"

Nikakata. Harusi ni yake, si yangu, na isitoshe bahasha yetu ilikuwa haijatoka. Lakini tangu siku hiyo nimeshaombwa tena na wengine nikiondoe kwenye orodha, na wapo walioniita nikakipige mazikoni, polepole, "ule wimbo wa ndege anayekufa". Sasa nimechoka, nami naomba nafasi hii niseme upande wa batamaji.

Alichokiona mjukuu ni kweli kipo. Mwanamke yule kwenye simu, akiwa si mcheza dansi Anna Pavlova mwenyewe, basi ni mmoja wa wengi waliomfuata. Ila tukitaka kujua kifo kiliingiaje, inatupasa tuanze kabla yake, mwaka 1886.

Saint-Saëns alikuwa na umri wa miaka 50, mpiga piano na organi mwenye jina kubwa Ufaransa na ulimi mkali. Alikuwa ametoka kwenye ziara ya maonyesho Ujerumani iliyomwendea vibaya, akajificha kwenye kijiji kidogo cha Austria apumzike. Kazi iliyokuwa ikimsubiri ni simfoni yake ya tatu, iliyoagizwa London. Akaiweka pembeni, akaanza kujichekesha. Akatunga vipande 14 vya wapigaji wachache wa kutosha sebuleni, akaviita Kanivali ya Wanyama. Kobe anacheza dansi ya kurusha miguu ya mtunzi Offenbach, lakini kwa mwendo wa kobe. Tembo amepewa besi, naye anajaribu kucheza muziki wa pepo wepesi wa hewani wa mtunzi Berlioz. Miongoni mwa wanyama wamo pia wapiga piano, wanafanya mazoezi ya skeli kwa kuboronga. Mna visukuku, na mifupa inayogongana humo imeibiwa kwenye muziki wa Saint-Saëns mwenyewe. Mtu anayejicheka namna hiyo hayumo katika hali ya msiba.

Muziki huo wa Kanivali ulipigwa tarehe 9 Machi 1886, mjini Paris, nyumbani kwa mpiga selo Charles Lebouc, siku ya Jumanne ya shamrashamra kabla ya Kwaresima. Lebouc alipiga batamaji. Saint-Saëns mwenyewe alikaa kwenye piano moja. Wiki chache baadaye mpiga piano Franz Liszt, mzee tayari, akiwa mwaka wake wa mwisho duniani, alitaka kuusikia, ukapigwa tena nyumbani kwa mwimbaji Pauline Viardot. Kisha mtunzi akaufungia. Aliogopa kwamba watu wakiujua, hawatamhesabu tena kuwa mtu wa maana. Akakataza usichapwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja: Batamaji, kilichotoka mwaka 1887. Vingine vyote vilisubiri mpaka yeye alipofariki Algiers, Desemba 1921. Mwaka 1922 ndipo umma ulipousikia muziki mzima.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo yalipoanzia matatizo yote. Kwa miaka 35 batamaji alikuwa nje peke yake. Ndugu zake kobe na tembo walikuwa kifungoni. Waliomsikia hawakujua kwamba ametoka kwenye kundi la vichekesho. Wakamwona mweupe, mpweke, mwenye sauti ya kupendeza. Na Mzungu aliyesoma akimwona batamaji mpweke anaimba, kichwani mwake kuna ngano ya zamani inayomngoja.

Ngano yenyewe ni hii: batamaji huishi maisha yake yote bila ya kuimba, halafu akikaribia kufa huimba kwa uzuri usio kifani. Imo katika Plato. Socrates, siku atakayokunywa sumu gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, anawataja ndege hao kwa rafiki zake. Lakini alichosema Socrates ndicho watu wamekisahau. Anasema ndege hao huimba kwa furaha, kwa kuwa wanakwenda kwa mungu wao Apollo. Binadamu, kwa kuogopa kwao kifo, ndio waliowazulia kwamba wanalia. Kwa hiyo hata hapo mwanzo kabisa, mtu aliyekuwa na saa chache za kuishi anakanusha kwamba wimbo wa batamaji ni maombolezo. Miaka zaidi ya elfu mbili imepita na bado tunamwombolezea.

Aesop naye ana kisa ninachokipenda zaidi. Tajiri alifuga bukini kwa ajili ya kitoweo na batamaji kwa ajili ya kuimba. Usiku wa kuchinja ukafika, giza, mpishi akamkamata batamaji akidhani ni bukini. Ndege akaimba, mpishi akaitambua sauti, akamwachia. Humo wimbo wa batamaji ndio uliomwokoa.

Pliny, Mroma wa karne ya kwanza, alikwisha andika kwamba mambo yalivyoonekana yanaonesha ngano hiyo si kweli. Aliyepata kukaa kando ya bwawa la bustani ya Ulaya atamuunga mkono. Batamaji mweupe wa huko, yule mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, hufoka na kukoroma, na akiruka mbawa zake huvuma. Wapo wa kaskazini wenye sauti ya tarumbeta, ambao koo lao la hewa limejipinda na kuingia ndani ya mfupa wa kifua. Hao wanapiga kelele mwaka mzima, hawangoji kufa. Huku kwetu Afrika Mashariki batamaji wa porini hayupo, ndiyo maana bibi wa harusi alipotafuta ndege wa kifo alimpata bundi. Simlaumu. Kila pwani na ndege wake wa kusingiziwa.

Sasa tufike kwa Pavlova. Mwanzoni mwa karne ya 20, St Petersburg, alihitaji dansi fupi ya kucheza kwenye onyesho la hisani. Akamwendea Michel Fokine, mtunzi wa dansi. Kwa maelezo ya Fokine mwenyewe, alikuwa akikipiga kipande cha Saint-Saëns nyumbani kwa mandolini, rafiki yake akimfuatisha kwa piano, kwa hiyo wazo lilikuwa mkononi tayari. Dansi wakaitengeneza kwa dakika chache. Iliitwa "Batamaji" tu, jina lilelile la mtunzi. "Anayekufa" lilikuja kuongezwa baadaye, Pavlova alivyozidi kuicheza kama mwisho wa uhai: hatua ndogondogo za ncha za vidole, mikono inayotetemeka, kisha anakunjika sakafuni.

Akaizungusha duniani mpaka alipofariki The Hague, Januari 1931, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 50. Nyumbani kwake London alikuwa na bwawa na batamaji wa kufuga. Yupo mmoja, Jack, aliyepigwa naye picha akiwa amemzungushia shingo. Inasimuliwa kwamba kwenye kitanda cha mauti aliomba vazi lake la batamaji litayarishwe, na kwamba baada ya kufa kwake muziki ulipigwa, pazia likafunguliwa, jukwaa tupu, taa ikifuata mahali ambapo angekuwepo. Mambo mazito haya. Ningekuwa nimekaa ukumbini ningelia kama wengine.

Sisi watu wa taarab hatushangai wimbo kutekwa namna hiyo. Mtunzi anaandika juu ya njiwa, au tausi, au kunguru. Mwimbaji anaimba. Kwenye ubeti wa tatu bibi mmoja anainuka, anakuja taratibu kwa madoido hadi jukwaani, noti mkononi, anatunza. Ubeti aliouchagua na jicho alilolitupa nyuma ndiyo maana ya wimbo kwa usiku huo, na mke mwenzake aliyekaa safu ya nne amekwisha pata salamu zake. Mtunzi anaweza kuapa kwa Mungu kwamba alimkusudia ndege, hakuna atakayemsikiliza. Nami nakubali. Wimbo ukitoka umetoka. Pavlova aliinuka akatunza, na ilikuwa haki yake.

Lakini kwenye taarab usiku wa pili anainuka mwingine. Tausi aliyekuwa mke mwenza Jumamosi, Jumapili ni bi harusi. Ninapogomba mimi ni hapo: kwa batamaji hakuna aliyeinuka tena. Noti ya Pavlova iko palepale jukwaani zaidi ya miaka mia, na waliokuja baada yake wanazidi kurundika noti juu yake, mpaka watoto wanaona kwamba hiyo ndiyo khabari yenyewe na wakubwa wanakatazana harusini.

Mtu atanambia: Saint-Saëns alikuwa msomi, alijua Plato, alijua ngano, na Wafaransa husema "wimbo wa batamaji" kwa kazi ya mwisho ya mtu yeyote. Bila shaka alijua. Tazama basi alimweka wapi. Batamaji ni sehemu ya 13. Ya 14 ni tamati, ambamo wanyama wanarudi mbiombio, kuku nao wamo, na karibu na mwisho punda wanalia kwa vishindo vyao. Ikiwa pana maiti kwenye sehemu ya 13, basi hapana majirani wabaya kama hawa.

Tena yumo ndege mwingine humo mwenye ngano nzito zaidi na hakuna anayemwogopa. Ni kekeo wa Ulaya. Watu wa nchi nyingi za huko waliamini kwamba ukimsikia, uhesabu milio yake, ndiyo miaka uliyobakiwa nayo duniani. Saint-Saëns amempa klarineti iliyofichwa nyuma ya jukwaa, inayorudia sauti zilezile mbili mara 21. Mwenye kuhesabu na ahesabu. Mbona huyu hatuambiwi ni wimbo wa mauti? Kwa sababu hakuna mwanamke mzuri aliyemchezea.

Anayetaka kuona mtunzi aliyedhamiria kifo amtazame Sibelius wa Finland, aliyetunga katika miaka ya 1890 muziki wa okestra nzima juu ya batamaji wa Tuonela, ndege anayeelea kwenye mto mweusi unaoizunguka nchi ya wafu katika ngano za Kifini. Sibelius hakuacha watu wabahatishe. Kwenye nota aliandika maelezo ya mahali hapo na maji yake meusi. Villa-Lobos wa Brazil naye, mwaka 1917, alimpa selo na piano batamaji mweusi, aliyemchomoa kwenye kazi yake juu ya kuzama kwa chombo. Ninavipenda vyote viwili. Havikuniletea ugomvi na mtu, maana kila ndege anasema alikotoka.

Sasa niseme kama fundi, maana hasara ya uvumi huu haiko kwenye harusi tu. Iko kwenye mkono. Kwa kuwa watu wanaambiwa ni kifo, wanapiga polepole, na kila kizazi kinapunguza mwendo zaidi. Wanafunzi wanaonijia wamekwisha kusikia kwenye simu mwendo wa mazishi, na wanautaka huohuo. Nawaambia wautazame upinde. Una urefu wake, hauongezeki. Sauti sita za mwanzo zinateremka oktava nzima, zikiinuka kidogo katikati, halafu wimbo unapanda kutafuta hewa; hiyo ni pumzi moja. Ukiichelewesha, upinde unakwisha kabla ya pumzi, inakubidi ukate na kugeuza mkono mahali ambapo ndege hakugeuka. Sauti inakonda. Na mwenzako wa piano ndiye anayeumia zaidi: ile mizunguko ya sauti ndogondogo ambayo ingekuwa maji inakatika, unasikia kila moja inadondoka peke yake. Ndege hawezi kuelea juu ya matone.

Mtazame pia anavyomaliza. Selo haishuki chini kama mtu anayezama. Inapanda, inashika sauti moja juu na kuituliza pale, katika ufunguo uleule wa G ulioanza nao, na piano inamalizia chini yake. Pavlova alipafanya hapo pawe mahali pa kukunja mbawa. Mimi nikifika hapo namwona ndege amekwisha vuka bwawa yuko ng'ambo, anajikung'uta.

Kwa hiyo ninachokitaka si kumfukuza Pavlova. Nataka batamaji arudishwe kwa wenzake. Muziki mzima hauzidi nusu saa. Mtunzi ana miaka zaidi ya mia kaburini, nota zake hazidaiwi na mtu. Wamarekani wameuzoea ukiambatana na mashairi ya kuchekesha ya Ogden Nash, yaliyoandikwa mwaka 1949 kwa ajili ya santuri, msomaji akisoma ubeti kabla ya kila mnyama. Sisi tunakosa washairi? Katika mji ambao mtu anaweza kutukanwa kwa beti nne na akaondoka akidhani amesifiwa, tutashindwa kumpata malenga wa kutuandikia kobe, tembo, punda na wapiga piano? Ubeti wa batamaji aandike anavyotaka, afe au aishi, ilimradi ubeti wa punda uje baada yake. Bibi au mjukuu akiwasikia wote 14 kwa mkupuo mmoja, na kwa Kiswahili, ataamua mwenyewe.

Wapigaji nimeshawahesabu. Fidla tunazo kwenye vilabu vya taarab, selo na besi tunazo, fiola tutaazima. Klarineti iko kwenye bendi ya polisi, na huyo kekeo ana sauti mbili tu, hatahitaji mazoezi marefu. Filimbi ya ndege wa kwenye tundu ni ngumu, hiyo tutamtafutia kijana mwenye pumzi. Zailofoni ya shule itatosha kwa mifupa. Ile ala ya vioo aliyoitaka mtunzi kwa ajili ya samaki, hata Ulaya wengi wanaiacha na kuweka vigongo vya chuma, nasi tutafanya hivyo. Ukumbi wa shule wowote wenye feni utafaa, na watoto wakae chini mbele.

Kinachokosekana ni piano ya pili, ya mbao, yenye nyuzi za kweli. Ya umeme ninayo lakini mbili haziwezi kuwa moja ya umeme na moja ya mbao, zitagombana. Najua zipo kwenye nyumba kadha wa kadha za Mji Mkongwe, zimefunikwa vitambaa vya kufuma na kupangwa picha za harusi juu yake, hazijafunguliwa tangu aliyekuwa akizipiga aondoke. Mwenye nayo na aniite. Ikiwa nyuzi zimelegea, fundi wa kuzikaza yupo. Ikiwa iko ghorofa ya tatu, ngazi tutazijua wenyewe.